Siku Mama Bosi Alipoiacha Kambi ya Kompyuta

Asubuhi nyumbani kwa Mama Bosi ilikuwa vita. Pacha wake wa miaka mitatu waligombania kiatu kimoja, ingawa kila mmoja alikuwa na viatu vyake. Mkubwa aliitwa Bosi, kwa sababu alizaliwa akilia kama mtu anayefokea wafanyakazi. Mdogo aliitwa Katibu. Yeye alimfuata mwenzake kila mahali na kurudia kila neno lake.

Baba yao alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Mama yao alifanya kazi ya mapokezi katika zahanati. Alipenda kompyuta tangu zamani. Siku moja alipata nafasi katika kambi ya kufundisha watu kuandika programu, yaani maagizo yanayoiambia kompyuta la kufanya. Mafunzo yalikuwa ya bure, kwa ufadhili, na yangechukua miezi mitatu. Walisoma kuanzia asubuhi hadi giza linapoingia, Jumamosi pia. Zahanati ilimpa ruhusa.

Mkuu wa kambi alikuwa mtu wa amri. Wanafunzi walimwita Kamanda, lakini kwa kunong'ona.

"Hapa hatubembelezi mtu," alisema siku ya kwanza. "Simu zote ndani ya kikapu. Mtazichukua jioni."

Mama Bosi alikubali. Masomo yalimwingia vizuri. Jioni moja alimwonyesha mumewe ukurasa alioutengeneza mwenyewe. Ulikuwa na kitufe kimoja tu. Ukikibonyeza, kinaandika "Karibu". Baba Bosi alikibonyeza tena na tena.

"Kinanikaribisha kuliko wewe," alisema. Wakacheka wote.

Wiki ya tano, Katibu aliamka na homa. Mama yake alimpangusa kwa maji, akamwacha na baba yake, akaenda kambini kwa moyo mzito. Kabla ya saa sita mtoto akapata degedege. Baba Bosi alimlaza ubavu, kama alivyowahi kuelezwa, na degedege ilipokoma akambeba mbio hadi hospitali.

"Kuna dawa yoyote inayomdhuru?" daktari aliuliza.

"Ipo," alisema Baba Bosi. "Mwaka jana ilimvimbisha uso mzima. Jina lake silijui. Mama yake ndiye anayejua."

Akapiga simu. Iliita, ikakatika. Akapiga tena na tena. Mwishowe akapiga ofisini kambini. Kamanda mwenyewe akapokea.

"Mtoto wetu yuko hospitali. Namwomba mke wangu, dakika moja tu."

"Yuko darasani," Kamanda alijibu. "Ujumbe ataupata."

Hakuupata. Daktari aliogopa kubahatisha. Muuguzi akatumwa kwenye zahanati ya kina mama yake, alikotibiwa mwaka jana, kutafuta kadi ya mtoto, na muda wote huo Katibu alilala akihema haraka haraka. Dawa sahihi aliipata alasiri.

Jioni Mama Bosi alichukua simu yake kikapuni. Kioo kizima kilijaa jina la mumewe, na ujumbe kwamba wako hospitali. Hakumsubiri mtu. Alifika hospitali viatu mkononi.

"Ulikuwa wapi?" mumewe alifoka.

"Si unajua nilikuwa wapi!"

"Nilipiga hadi ofisini kwenu. Yule bwana akasema atakuambia."

Mama Bosi alisogea kitandani. Alimshika mwanawe mguu. Ulikuwa umeanza kupoa homa. Wakati huo yeye damu ilikuwa inamchemka.

Kesho yake alimfuata Kamanda mbele ya darasa zima.

"Jana mume wangu alikupa ujumbe. Kwa nini hukuniambia?"

"Mtoto alikuwa na baba yake," alisema Kamanda. "Ulikuja hapa kusoma au kulea?"

"Ilikuwa sentensi moja tu!"

"Nikianza kubeba salamu za nyumbani kwenu, nitafundisha saa ngapi? Umepewa nafasi ya bure, bado unaringa. Hutaki, mlango ule pale."

Mama Bosi alichukua mkoba wake. Akatoka. Nyuma yake alimsikia Kamanda akisema, "Mmeona? Wadhaifu huanza kudondoka wenyewe." Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyesema kitu pia, na hilo lilimuuma zaidi.

Nyumbani mumewe alikuna kichwa. "Ungevumilia tu, mke wangu. Watu watasema umeshindwa."

"Nimeshindwa nini? Masomo nilikuwa nayaweza!"

Siku nyingi hawakulizungumza tena. Kisha jioni moja Baba Bosi alirudi kutoka kazini amekunja uso. Kwenye njia panda ya sokoni palikuwa na bango kubwa jipya, lenye picha ya mkewe akitabasamu, aliyopigwa siku ya kwanza kambini. Chini yake paliandikwa: "Nilikuwa mtu wa mapokezi. Leo nimehitimu, ni mtaalamu wa programu!"

"Waongo wakubwa hawa!" alisema, nyundo tayari mkononi. "Naenda kuling'oa sasa hivi!"

Jirani yao alikuwa akianua nguo, akasikia kelele. Mtaani walimwita Dada Mkaguzi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kukagua vyuo vya ufundi.

"Weka nyundo chini, shemeji," alisema. "Ukiling'oa, wewe ndiye utakayeshtakiwa. Hebu nielezeni."

Wakamweleza yote. Dada Mkaguzi alisikiliza huku akikunja shuka.

"Kuacha mafunzo si kosa," alisema. "Mtu huacha kwa ugonjwa, kwa familia, au kwa kuona hapamfai. Ila ulitoka mikono mitupu, mdogo wangu. Andika kwamba umeacha, lini, na kwa sababu gani. Baki na nakala. Omba wakuandikie masomo uliyomaliza, maana hayo ni yako. Na sura yako hawawezi kuitumia kutangazia uongo. Waambie kwa maandishi waitoe. Wakikataa, njoo ofisini kwetu."

"Mbona hakuna aliyeniambia haya mwanzo?"

"Hukuuliza, na wao hawakutaka uulize. Kabla ya kuingia mahali kama pale, uliza: mtoto akiugua, nitapatikana vipi? Nikishindwa kuendelea, nitaondokaje? Zungumza na waliomaliza, na pia na walioacha." Kisha akamgeukia Baba Bosi. "Na wewe shemeji, jina la dawa inayomdhuru mwanao hukulijua. Hilo usiisingizie kambi."

Baba Bosi aliweka nyundo chini. Siku hiyo hiyo alijifunza lile jina hadi akaweza kulitamka bila kukwama.

Mama Bosi aliandika barua yake, akaipeleka. Mumewe alitaka kumsindikiza, yeye akakataa. Kamanda aliisoma mbele ya darasa, akatabasamu upande mmoja.

"Ile picha ni mali ya kambi," alisema.

"Sura ni yangu," alijibu Mama Bosi. "Mbele ya wenzangu uliniita dhaifu. Barabarani unanitangaza kuwa nimehitimu. Chagua moja, mkuu."

Kisha dada mmoja wa mstari wa mbele akainuka, akaenda kwenye kikapu, akachukua simu yake.

"Mama yangu mgonjwa," alisema. "Mimi nataka kupatikana."

Mwingine akainuka, na mwingine tena.

Hata hivyo bango halikutolewa, wala masomo hayakuandikwa. Mama Bosi akaenda ofisini kwa Dada Mkaguzi na nakala ya barua yake. Wakaguzi walifika kambini, wakawahoji wanafunzi mmoja mmoja. Bango liliteremshwa. Kambi ikaagizwa kuweka mtu wa kupokea ujumbe wa dharura na kuufikisha papo hapo. Mama Bosi alipewa karatasi yenye masomo aliyomaliza. Kamanda hajamwomba radhi hadi leo.

Sasa Mama Bosi amerudi kazini, na anasoma katika chuo cha jioni mara mbili kwa wiki. Siku hizo Baba Bosi hufunga karakana mapema na kubaki na pacha.

Siku ya kwanza chuoni, mwalimu aliwaomba wanafunzi wajitambulishe. Mama Bosi alisimama. Alikuwa tayari kwa ugomvi.

"Mimi nilianza kambini," alisema. "Nikaacha katikati."

Mwalimu alichukua kalamu. "Uliishia somo gani?"

Mama Bosi akamwambia.

"Basi tuendelee hapo," alisema mwalimu.