Vipande Vilivyopigwa Msasa

Kila asubuhi Fenna alimpitia Teun nyumbani kwao, wakaenda shule pamoja kwa baiskeli kufuata njia ya kando ya mto. Upepo wa Deventer, mji wao wa Uholanzi, hauna adabu saa hizo. Humchapa mtu usoni mpaka machozi yamtoke. Lakini Teun, upepo uvume usivume, mdomo wake haukupumzika.

"Leo ukimaliza S yako, mimi nafunga kiunzi," alisema. "Halafu navuta mashine. Chapa ya kwanza ni yangu, Mwalimu keshaniahidi."

"Hilo nimelisikia wiki nzima."

"Na utalisikia tena. Babu yangu anakuja kutazama."

Walikuwa darasa la nane, la mwisho pale shuleni, na kila mwaka darasa hilo huaga kwa kucheza mchezo wa kuigiza mbele ya wazazi. Mchezo wao uliitwa *Storm*, yaani dhoruba. Mwalimu Bouke, mtu mrefu mwenye wino kwenye kucha siku zote, hakutaka bango la kompyuta. Alitaka walichape wenyewe kwa mashine ya mkono, kwa herufi walizozibuni wenyewe.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kulikuwa na sanduku la vipande vya mbao: miraba, pembetatu na robo duara. Mwanafunzi alipewa ubao uliochorwa miraba, akapanga vipande humo mpaka herufi ikatokea. Hata nafasi tupu zilijazwa vipande vifupi visivyofikiwa na wino. Kisha herufi zote ziliingizwa ndani ya kiunzi kimoja cha chuma, zikabanwa kwa kabari. Hakukuwa na gundi wala msumari. Kila kipande kilishikwa na jirani yake, basi.

"Kwa hiyo kipande hakikatwi wala hakichongwi," Mwalimu Bouke aliwaambia tangu siku ya kwanza. "Kikikukataa, badilisha wazo lako. Kipande kiache kama kilivyo."

Fenna alipewa S kwa sababu ndiyo iliyotangulia, na kwa sababu mama yake alikuwa mbuni wa herufi. Shule nzima ilijua hilo. Darasa lilipomtazama, lilimtazama kama mtu ambaye hawezi kukosea, naye alikuwa amezoea kutazamwa hivyo.

Sasa S ni herufi ya ukaidi. T ni mlingoti na boriti yake, na O unaizungusha kwa robo duara nne ukamaliza. Lakini S inataka kujikunja huku na kule, na miraba haijui kujikunja. Fenna alipanga akapangua. Kila alivyojaribu, pale katikati palikuwa na kona mbaya iliyotokeza kama kiwiko.

Maaike, aliyeketi nyuma yake, alichungulia. "Hiyo ni S au bata kavunjika shingo?"

Wenzake waliangua kicheko. Fenna naye alicheka, kicheko cha mdomoni tu. Moyoni alikuwa amechomwa vibaya.

Kengele ya mapumziko ilipolia, wote walitoka na visanduku vyao vya mkate. Fenna alisema anakuja, ila hakwenda. Juu ya meza ya seremala kulikuwa na karatasi ya msasa. Alichukua robo duara mbili, zile pana zilizokuwa mbili tu sandukuni, akaanza kuzisugua ubavuni. Alisugua kidogo, akapima, akasugua tena. Kona ikalainika, S ikapinda vizuri. Alipuliza vumbi la mbao likaruka chini ya meza, akanawa mikono.

Mwalimu Bouke aliporudi alisimama mbele ya ubao ule akakunja mikono. "Fenna, hii umeiwezaje?"

"Nimejaribu-jaribu tu, Mwalimu."

"Njooni muone, jamani. Mtoto wa nyoka ni nyoka? Hapana, mtoto wa mbuni ni mbuni."

Darasa lilimpigia makofi. Fenna alitazama viatu vyake. Sifa hizo alizitamani siku zote, ila si leo.

Baada ya chakula Teun alifunga kiunzi. Alisukuma kabari moja baada ya nyingine, ncha ya ulimi nje, akabonyeza pembezoni kwa kidole kuona kama kuna kinachocheza. Hakikucheza kitu. Babu yake alikuwa ameshafika, ameketi mlangoni na kofia yake magotini. Teun alimwangalia, akatabasamu, akainua kiunzi kukipeleka kwenye mashine.

Hakufika. Katikati ya S vipande viwili vilichomoka. Safu ile ikalegea, safu ya jirani ikalegea nayo, na mara *Storm* nzima ikamwagika sakafuni. Vipande vilibingirika mpaka chini ya kabati. Teun alibaki ameshika chuma kitupu.

"Teun," alisema Mwalimu Bouke, "nilikuambia ukaze."

"Nilikaza, Mwalimu."

"Kilichokazwa hakimwagiki."

"Wallahi tena, nilikaza. Nilipima kwa kidole."

"Teun Legelege," sauti ilisema nyuma, na jina likashika pale pale. Legelege, Legelege. Mwalimu aliwanyamazisha, lakini naye alikuwa amekasirika, kwa maana karatasi zilikuwa tayari na wino umeshapakwa. Alisema kesho atatafuta mtu mwingine wa kufunga kiunzi na kuvuta mashine. Babu yake Teun alivaa kofia yake taratibu, akamshika mjukuu begani, wakaondoka.

Fenna alikuwa amepiga magoti anaokota vipande. Zile robo duara mbili zilimjia mkononi zenyewe. Alizirudisha sandukuni, akazifukia chini ya nyingine. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jioni ile alirudi nyumbani peke yake. Asubuhi hakumpitia Teun; alizunguka njia nyingine, eti kando ya mto upepo umezidi.

Na siku hiyo, kwa bahati yake mbaya, ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Mama alikuwa ametundika maua ya karatasi sebuleni, akamkabidhi sinia la vijiti vilivyotungwa jibini na zabibu awapelekee wenzake. Darasani alivishwa taji la karatasi, akaimbiwa, akapita kila meza akigawa. Kila mtu alimpa mkono na kumpongeza. Teun alichukua kijiti chake, akasema "Hongera" huku akitazama dirishani.

"Haya," alisema Mwalimu Bouke, "chagua rafiki wa kukushikia sinia, mkawapelekee walimu wa madarasa mengine."

Ndiyo desturi, na miaka yote rafiki huyo alikuwa Teun. Fenna alisema, "Teun."

Teun hakuinuka. "Chagua mwingine. Watasema nitaliangusha."

Watu walicheka, na Maaike akasema chini chini, "Legelege kajijua." Teun alicheka nao. Huko kucheka kwake ndiko kulikomvunja Fenna kabisa, kwa sababu alikijua kicheko hicho. Kilikuwa cha mdomoni tu.

Alisimama mbele ya darasa zima, sinia mikononi, taji kichwani, na uso umemwiva.

"Teun alikaza," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi arudie. "Teun alikaza vizuri. Ni mimi. Nilipiga msasa vipande viwili ili S yangu ipendeze. Ndiyo maana vilichomoka. Halafu nikanyamaza."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Bouke alilipokea sinia, akaliweka mezani. Akaleta sanduku, na Fenna akazifukua zile robo duara mwenyewe. Mwalimu aliziweka kwenye ubao kando ya mraba mzima. Pengo lilionekana, jembamba, mwanga ukipita.

"Kwa hiyo ile S ilikuwa ya wizi," alisema Maaike.

"Ndiyo," alijibu Fenna, machozi yakimtiririka.

Mwalimu Bouke alimgeukia Teun. "Na mimi nimekukosea. Nilikulaumu kabla ya kuvikagua vipande. Nisamehe."

Teun alijikuna kichwa. "Babu alisema nilikaza. Alisema aliona."

"Basi mpigie simu aje. Utafunga wewe, na utavuta wewe." Kisha akamwambia Fenna, "Robo duara pana hakuna nyingine. Utaijenga S kwa vilivyobaki, na bango litakwenda nayo hivyo hivyo mjini."

Fenna alifanya kazi mpaka mchana, na safari hii hakuna aliyemsifu. S iliyotoka ilikuwa ya miraba mitupu, yenye kona kama ngazi. Bata mwenye shingo iliyovunjika alikuwa mzuri kuliko hii. Lakini kila kipande kilikuwa kizima. Teun alipiga kabari, akabonyeza, safari hii katikati na pembeni, akainua. Darasa lilishusha pumzi. Alikitikisa kiunzi kidogo kwa makusudi, mjinga yule, na hakuna kilichochomoka. Babu yake alikohoa kuficha furaha.

Mama yake Fenna alipokuja kumchukua, mabango yalikuwa yametundikwa kwenye kamba kukauka. Aliyatazama kwa macho yake ya kazi, akanyoosha kidole. "Hii S ni ya nani?"

Pale palikuwa pagumu kuliko asubuhi. Fenna angeweza kusema ni ya darasa. "Yangu, Mama," alisema, akamweleza yote, tangu msasa mpaka babu kuvaa kofia yake. Mama alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Unajua kinachoniuma?" aliuliza Mama. "Si vile vipande, vitanunuliwa. Uliiona herufi mbaya ukaona aibu, lakini ukamwona rafiki yako anaaibishwa ukavumilia siku nzima. Mwanangu, herufi mbaya hata mimi ninazo droo tele. Ukipunguza mahali kwa siri ili wewe upendeze, lazima kuna mwenzako atakayeanguka kwa sababu ya pengo hilo. Siku nyingine onea aibu jambo linalostahili aibu, na uliseme mapema, kabla mwingine hajalibeba."

"Ndiyo, Mama."

"Teun umemwomba radhi?"

Fenna alikuwa amesema mbele ya darasa zima, mbele ya Mwalimu, mbele ya Maaike. Kwa Teun mwenyewe hakuwa amesema hata neno moja.

Alitoka mbio bila koti. Teun alikuwa uani anafungua kufuli la baiskeli, bango la kwanza limekunjwa chini ya kwapa.

"Teun, nisamehe."

Teun alilitundika kufuli kwenye usukani, kisha akamtazama; Fenna hakuyakwepa macho yake.

"Bado nina hasira," alisema Teun.

"Najua."

Alipanda baiskeli, akakanyaga mara moja, kisha akasimama na kugeuka. "Kesho usizunguke ile njia nyingine. Leo nilikusubiri mpaka nikachelewa."