Nambari ya Nane

Kompyuta ya zamani ilikuwa inaandika ulichoandika wewe. Hii mpya ilikuwa inaongeza na cha kwake.

Ndivyo Mwanahawa alivyomlalamikia Ruthu siku ya Jumatatu, katika steshenari walimofanya kazi pamoja karibu na stendi ya Kondoa. Ile ya zamani iliharibiwa na mvua. Hii ililetwa kutoka Dodoma ikiwa imeshatumika, na programu yake ya kuandikia ilikuwa ngeni. Ukianza sentensi kwa herufi ndogo, inaikuza. Ukiandika moja na nukta, kisha ukashuka mstari, mbili inakuja yenyewe.

Mzee Shaaban alikuwa ameleta majina saba ya marehemu wa ukoo wake. Yangesomwa Ijumaa kwenye hitma ya mkewe, watu waitikie amina. Mwanahawa aliyaandika yote. Chini yao ikajitokeza nane, tupu. Akaifuta. Ikarudi.

"Inataka mwingine hiyo," Ruthu alisema akicheka, yuko kwenye mashine ya fotokopi. "Ipe jina lako, itanyamaza."

"Wewe! Hayo si ya kutania."

Lakini mchapaji akitaka kujaribu mashine huandika jina lake, na vidole vyake vilishazoea. Akaandika Mwanahawa, akashuka mstari. Tisa haikuja. Alipofuta jina, nane nayo ikaondoka. Karatasi ilitoka kwenye printa ikiwa na majina saba, lakini ilinuka udi.

"Nani kachoma udi humu?" Ruthu aliuliza. Hakuna aliyechoma.

Jumanne Mwanahawa alifungua faili lile tena. Nane ilikuwa imerudi, na mbele yake pameandikwa Mwanahawa binti Zuwena.

Katika vyeti vyake vyote ametajwa kwa jina la baba. Jina la mama hutajwa kwenye dua nzito, au kwa mganga.

"Ruthu, umeandika wewe?"

"Mwenzangu, mama yako namjua kwa Mama Hawa tu. Huyo Zuwena ni nani?"

Mwanahawa alilifunga faili.

Mchana Ruthu alipotoka kufuata chapati, umeme ukakatika, feni ikapunguza mwendo hadi ikasimama, na katika ukimya ule Mwanahawa akasikia vitufe vya kompyuta vikibonyea taratibu kimoja baada ya kingine, ilhali kioo kilikuwa cheusi na mikono yake yote miwili ilikuwa mapajani, kisha ile harufu ya udi ikaja kutoka nyuma ya kiti, ikiwa na joto kama pumzi ya mtu aliyeinama, na sauti ikamwambia sikioni, bila haraka, "Binti Zuwena."

Jioni ile ile mama yake alimpeleka kwa ustadhi. Mzee yule alisikiliza hadi mwisho, akashusha sauti.

"Uliitika?"

"Hapana, ustadhi."

"Vizuri. Jini lina jina lako, ila halina kibali. Jina hilo likisomwa kati ya maiti, watu wakasema amina, basi wamekutoa kwa midomo yao. Hakikisheni halisomwi."

Alfajiri Mwanahawa alikwenda kwa Mzee Shaaban. Akaomba ile karatasi. Majina yalikuwa saba. Hata hivyo aliichana, akaketi mkekani, akayanakili yote kwa kalamu, polepole, mashine isihusike.

"Marehemu wangu hawajaongezeka tangu juzi, mjukuu wangu," mzee alimtania.

"Nataka tu yasomeke vizuri, babu." Alihesabu mara tatu. Saba.

Ijumaa baada ya swala alikuwa kitini kwake, kompyuta imezimwa. Kipaza sauti cha hitma kilisikika hadi dukani. Ruthu alihesabu naye kwa vidole. Jina la tano. La sita. La saba. Ruthu akamshika mkono, akatabasamu.

Kipaza sauti kikakohoa.

"Na Mwanahawa binti Zuwena."

"Amina," watu wakaitikia.

Ruthu aliuachia mkono wake. Akautazama mkono wake mwenyewe, kama mtu aliyesahau alikuwa ameshika nini.

Haikupita saa, Mzee Shaaban akaingia na karatasi.

"Shikamoo, babu," Mwanahawa alisema.

Mzee hakuitika. Alimgeukia Ruthu. "Mwenzako yuko wapi? Mwandiko ni wake, lakini huyu wa nane simjui."

"Hata mimi namsubiri, mzee. Leo hajafika."

"Shikamoo, babu!" Mwanahawa alirudia, akasimama, kiti kikasogea kwa mlio. Wote wawili walikitazama kiti.

Kompyuta ikajiwasha. Chini ya majina manane ilijitokeza tisa, tupu, na alama ndogo ikawa inawaka na kuzimika mbele yake. Ruthu alikuja kuitazama, akavuta kiti, akakaa.

"Inasumbua hii," alimwambia mzee, vidole vikishuka kwenye vitufe. "Ngoja niijaribu."

"Ruthu, usiandike!" Mwanahawa alipiga kelele sikioni mwake.

Ruthu akajipangusa sikio, akanyanyuka, akafunga dirisha lililokuwa linaingiza upepo, akarudi kukaa.