Suti ya Bwana Harusi na Vidonge vya Futi

Kila siku nikitoka shule nilivua viatu, nikatundika utepe wa kupimia shingoni na kukaa kwenye kigoda changu karibu na cherehani ya baba. Ndiyo maana mtaa mzima uliniita Futi. Baba alipima, mimi niliandika: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Kila mteja alikuwa na ukurasa wake katika daftari. Baba hakukata kitambaa kabla ya kupima mara mbili, na mteja aliyesema, "Nikatie tu kama ya jirani," alijibiwa papo hapo: "Basi kaazime na mwili wa jirani!"

Wiki ile tulikuwa tunashona suti ya baba mdogo. Harusi yake ilibakiza siku kumi, naye alikuwa hatulii. Kila saa alichungulia mlangoni.

"Futi, suti imefika wapi?"

"Imefika mfuko wa kushoto, baba mdogo. Ikichoka itapumzika."

Jumatano alikuja ameshika kichwa, mwili unachemka. Baba alikuwa ametoka kununua uzi. "Futi, kichwa kinagonga kuliko cherehani hii. Nikilazwa sasa, watamwoza nani?"

Hapo ujuaji wangu ukaamka. Mwezi uliopita niliugua malaria. Zahanati walinipima damu, wakanipa vidonge vya siku kumi na nne. Siku ya sita nikajiona mzima, nikaficha vilivyobaki ndani ya kopo la vifungo.

"Meza hivi," nikamwambia. "Mimi vilinikaa sawasawa."

"Daktari wangu huyo!" Akameza, akaondoka na vingine mfukoni. Nami nikabaki nimevimba kichwa kwa sifa.

Sifa zenyewe hazikufika mbali. Jumamosi asubuhi baba mdogo aliingia akihema kama aliyepanda mlima. Macho yalikuwa ya manjano. Akamnong'oneza baba kwamba mkojo wake umekuwa mweusi kama kahawa. Baba alizima pasi, akamshika mkono, tukaenda zahanati mbiombio.

Daktari alikuwa mama mfupi mwenye macho yasiyodanganyika. "Umemeza dawa gani?"

Baba mdogo alinitupia jicho. "Hakuna, daktari. Labda ni chakula tu."

Alikuwa ananifichia aibu! Nikinyamaza, nitaokoa sifa zangu. Na yeye, nani atamwokoa?

"Si kweli!" nikapayuka. "Alimeza vidonge vyangu. Nilimpa mimi." Sikungoja kukaripiwa. Nilikimbia mpaka dukani, nikarudi na kopo, nikamwaga vifungo na vidonge mezani kwake.

Daktari alichambua kidonge kimoja kati ya vifungo, akakitazama. "Hiki ndicho. Usikimeze tena, hata kimoja. Binti, umeniondolea kazi ya kubahatisha."

Baba alikuwa akiniangalia kwa jicho kali, mara uso ukabadilika. "Subirini. Mjomba wetu, kaka yake mama, aliwahi kumeza dawa ya malaria akawa hivi hivi. Watu walisema kalogwa!"

"Hakulogwa, alirithi," daktari akacheka. "Na huyu yaelekea karithi hali hiyo hiyo."

Alimlaza siku nne, akampima damu kila asubuhi. Siku ya tatu macho yalianza kuwa meupe, na mgonjwa akaanza kuulizia suti. Homa yenyewe, kumbe, ilikuwa mafua tu.

"Lakini mbona mimi sikudhurika?" nikauliza.

"Eti, Futi, baba yako anaweza kumkatia bwana harusi suti kwa vipimo vyako?" daktari akaniuliza.

"Itamfika magotini!" Baba mdogo akacheka mpaka kitanda kikalia.

"Basi na ndani ya mwili tuko hivyo hivyo," daktari akasema. "Kila mtu amerithi maelekezo kutoka kwa wazazi wake, yanaitwa jeni. Ya baba yako mdogo hayatengenezi vya kutosha kitu kinacholinda chembe za damu. Siku zote haoni tofauti, ila akimeza dawa kama hii, chembe zinapasuka. Dawa si mbaya. Ilikuwa yako, si yake. Na wewe ulitakiwa uimalize."

Damu ikishatulia, akasema, atampima tena kuhakikisha. Baada ya miezi mitatu alimpima, na ikawa vile vile alivyofikiri.

Lakini turudi kwenye suti: siku ya tano, alipotoka zahanati, baba mdogo aliivaa, ikamning'inia kama pazia. Ilibidi nipime kiuno upya. Chini ya ukurasa wake nikaandika kwa wino mwekundu dawa isiyomfaa, nikamnakilia na kwenye kikaratasi cha kumwonyesha kila daktari.

Harusini alicheza mpaka mshono wa bega ukaachia. Daktari naye alikuwepo, akamwita baba pembeni. "Fundi, nataka koti. Huna haja ya kunipima, jicho lako linatosha."

Nilivua utepe shingoni kabla baba hajafungua kinywa. Baba akacheka, akaniwekea mkono begani.

"Daktari, binti yangu alinikumbusha kazi yangu mwenyewe. Nguo isiyopimwa inaharibu sherehe, dawa isiyopimwa inaharibu mtu. Na aliyekosea akisema mapema, mshono bado unafumulika." Kisha akanigeukia. "Haya, Futi, mpime. Mara mbili."