Badirisha

/weka 12 4 7 dhahabu badirisha

Mchezo ukakataa. Maandishi mekundu: AMRI HAIJULIKANI.

Akajaribu tena. Ukakataa tena. Mara ya tatu akaandika "badilisha", na tofali la dhahabu likakaa kwenye rafu.

Mbithe, jasusi wa serikali, alisoma rekodi hiyo ndani ya gari, Probox nyeupe, pale Kiboko, Ukambani, laptop mapajani, bastola ya Glock kiunoni. Ilikuwa game ya kujenga kwa matofali, ile inayokubali amri za Kiswahili. Unaandika namba tatu, tofali linakaa unapotaka. Namba ya katikati ni kimo. "Badilisha" maana yake ondoa kilichopo, weka kingine.

Lakini nyumba iliyojengwa humo ilikuwa ghala la mbegu lililo mbele yake, rafu kwa rafu.

Rafu ya nne ilikuwa na mkebe wa Daktari Mutindi. Mbaazi zinazozaa hata mvua ikinyesha mara mbili tu. Miaka kumi na moja ya kazi, na mkebe ni huo mmoja. Kampuni fulani ya ng'ambo ilizitaka. Mjumbe wake angefuata tofali la dhahabu, azichukue na kuacha mbegu zilizokufa mahali pake, Mutindi apande, zisiote, aitwe mwongo.

Roho mbaya kabisa.

Simu ikatetemeka. Kivuva, mkuu wake, kutoka Nairobi.

"Wenye ufunguo ni watatu. Shika Haroun."

"Kwa nini Haroun?"

"Watu wake ni wa Pwani. Bandari iko huko."

Mbithe akakata simu. Haroun alizaliwa Kitui mjini, na hiyo haikuwa sababu ya kumfunga mtu pingu. Hata hivyo hakumwamini. Hakumwamini yeyote kati ya hao watatu.

Aliingia ghalani kama mkaguzi wa usalama, akawaomba kila mmoja aandike sentensi moja: tulibadilisha kufuli mwezi uliopita.

Haroun aliandika bila kosa. Mutindi naye. Wa mwisho alikuwa Nthiwa, mtunza ghala, shemasi wa kanisa huko Nunguni.

Turibadirisha kufuri.

Haya basi! Kikamba chetu hakina R, kwa hivyo tukishika kalamu tunaitia hadi pale haijaitwa. Mbithe mwenyewe alichapwa shuleni kwa kosa hilo.

Akampa Nthiwa fomu ya kurasa tisa, akamwomba simu aiweke mezani. Kisha akarudi garini, akafungua mchezo kwenye laptop. Kumkamata sasa kungemshtua mjumbe, na mjumbe akishtuka angepotea, arudi siku nyingine na njia nyingine.

/weka 12 4 7 hewa

Tofali la dhahabu likayeyuka.

/weka 12 2 7 dhahabu

Likatokea rafu ya pili, penye mkebe wa ndengu, choroko za kijani za chakula cha wafanyakazi.

Saa tano asubuhi fundi wa friji aliwasili na boksi la vifaa. Alitazama simu, akahesabu rafu kwa kidole. Moja. Mbili. Akatoa mkebe, akaweka wake.

"Usisonge," Mbithe alisema nyuma yake.

Jamaa akageuka na kuumwaga mkebe wote sakafuni, akazikanyaga mbegu kwa buti. Alizikanyaga kwa bidii hadi alipotazama chini. Zilikuwa za kijani.

Pingu zikafunga.

Mutindi alikuja mbio. Aliona sakafu, akainama kuokota punje. Mbithe akamwonyesha rafu ya nne. Mutindi akapanda kiti, akauteremsha mkebe wake, akaukumbatia bila kuufungua, akalia waziwazi.

Nthiwa aliletwa mlangoni kati ya polisi wawili. Alianza kueleza kwamba walimwambia hakuna atakayeumia, ni mbegu tu.

Mutindi akamgeukia, mkebe kifuani.

"Mwaka ule kisima kilikauka," alisema, "ni wewe uliyezibebea mbaazi hizi maji kutoka mtoni, Nthiwa. Mimi nilikuwa nimekata tamaa."

Simu ya Mbithe ilikuwa ikilia. Kivuva alitaka kujua kama Haroun amekiri. Mbithe aliizima, akapita katikati ya ndengu bila kuzikanyaga, akaenda zake.