Kifaa cha Mkalimani

Asije mtu akawaambia kwamba haya nilisimuliwa. Nilikuwepo mwenyewe, kwa macho yangu haya mawili, na lile la tatu ambalo mke wangu anasema ni la umbea.

Jua lilikuwa linazama. Shemeji, mdogo wake mke wangu, alikuwa anasafiri kesho yake asubuhi kwenda nchi ya mbali kuuguza wazee. Akifika tu, mtihani wa lugha ya wenyeji; akifeli, anarudishwa. Alitaka kifaa cha kusomea vitabu, kile chembamba kama kigae, ajisomee njiani. Akanibeba mimi nikamchagulie. Shule niliiachia katikati, lakini hakuna fundi wa kuniuzia mbuzi kwenye gunia.

Dukani, fundi alitutolea vitatu. Cha kwanza kina rangi za kupendeza, ila chaji haimalizi siku. Cha pili kizito kama tofali, na lugha ile hakiijui. Cha tatu kilikuwa kimetumika, akakiweka mezani kwa ncha za vidole. Hiki, akasema, chaji yake inakaa wiki, na ukibonyeza neno la kigeni kinakupa maana kwa Kiswahili, na mfano juu yake.

Nikakisogelea. Kilinuka nguo mbichi.

Shemeji akafungua kitabu, akabonyeza neno. Maana: kiatu. Mfano: *Kiatu chake cha kushoto kimekatika kamba.*

Akainama.

Kamba ilikuwa imekatika.

Nikacheka, nikasema hilo hata mimi ningelibashiri, kwa viatu vile. Akabonyeza jingine. Maana: shemeji. Mfano: *Shemeji anacheka, lakini jasho linamtoka.*

Sikuogopa. Niseme tu kwamba shati lilinigandia mgongoni.

"Jaribu jingine," nikanong'ona.

Maana: nyuma. Mfano: *Amesimama nyuma yao, anasoma nao.*

Hatukugeuka.

Kisha... shrrr... karatasi ikafunuliwa. Kifaa kile hakina karatasi hata moja. Lakini kwenye kioo ukurasa ulikuwa umegeuka, na kidole cha shemeji kilikuwa bado hewani.

Fundi akakivuta, akakizima. Tulipombana alikitoa wapi, alijibu huku anaitazama meza. Mwenyewe wa kwanza alikuwa mkalimani, mtu wa safari. Alipanda nacho treni. Treni ilipofika mwisho wa njia, kifaa kilikuwa kitini, kinawaka. Mkalimani hakuonekana tena. Tangu hapo kimeuzwa na kurudishwa, kimeuzwa na kurudishwa.

"Wanaokirudisha si waliokinunua," akasema taratibu. "Ni ndugu zao."

Nikamshika shemeji mkono tuondoke. Akauchomoa. Vile viwili vingine visingemfikisha popote, na yeye kazi ameshaacha, hata kitanda ameshagawa. Arudi wapi?

"Shemeji, mimi naogopa mtihani kuliko mzimu," akasema. "Huyu angalau anajua lugha."

Akakitia mkobani.

Asubuhi tulimsindikiza uwanja wa ndege. Aliingia mlango wa abiria huku anasoma, midomo inacheza kama ya mtu anayejibu maswali. Pale mlangoni akasimama, akajibana pembeni kidogo...

Kama mtu anayempisha mwenzake atangulie.

Hapakuwa na mtu.

Usiku wa siku hiyo akapiga simu. Amefika salama, mtihani amefaulu, na kifaa amekisahau kwenye ndege. Tulicheka mpaka machozi.

Mke wangu nilimsomea haya niliyoandika mpaka hapo, akapata usingizi, wa kwanza tangu mdogo wake aondoke. Sasa amelala, nyinyi niwaambie: hiyo simu nimeitunga mimi.

Mengine yote niliyaona.