Neno Walilomwandikia Garama

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe kumi na tisa Machi, saa nne asubuhi, kwenye kibanda cha Fidel kinyozi, Kisauni. Garama, fundi mwashi, alimpa ripoti ya kamati iliyochunguza kifo cha mkewe amsomee, maana ilikuwa ya Kiingereza.

Fidel akazima mashine. "Mjomba, wanasema wewe ni 'unreliable witness'."

"Ndiyo nini?"

"Shahidi asiyeaminika. Tena wameongeza, eti unatia chumvi."

Garama uso ukamuwaka. Mwaka juzi mkewe alitumbukia kwenye mtaro ambao wakubwa waliuchimba wakauacha wazi miezi mitano, akafa. Chumvi iko wapi hapo? Na aliyeiandika ripoti ile ni Selpher, karani wa kamati, aliyegongana naye soko la Kongowea mwaka jana, nyanya zikamwagika, wakaziokota pamoja wakicheka, mapenzi yakaanzia hapo. Siku ya ushahidi Garama alisema Kiswahili, Selpher akaandika Kiingereza. Kamati ilipouliza kama asomewe, Garama alijibu, "Huyu laazizi wangu, nisomewe ya nini?" Akatia dole gumba.

Simu ikalia. "Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula Kiingereza chenu. Kumbe mimi muongo, Selpher?"

"Niliandika ulivyosema. Mwenyekiti akanirudishia baadaye, akasema niongeze hayo au nitafute kazi kwingine."

"Nawe ukaongeza! Mdomo wa kunibusu, mkono wa kunizika!" Akakata.

Wakubwa wetu kufunika mtaro hawajui. Lakini kumfunika mtu kwa lugha asiyoijua, wallahi, hapo ni mabingwa.

Ijumaa jioni Selpher alisimama mlangoni, gauni la kitenge cha buluu, macho mekundu, mkononi daftari lililoandikwa kwa penseli.

"Nimeacha kazi. Humu mna maneno yako, kabla hawajayagusa. Jumatatu kamati ikikaa nitawasomea kwa Kiswahili, nawe ukisikia."

"Kiswahili hicho chenu cha bara? Watakufa kwa kicheko." Kisha akanuna tena. "Watasema nawe huaminiki."

"Waseme. Tutakuwa waongo wawili, basi nioe kabisa."

Garama akacheka bila kutaka. "Ingia, mke wangu. Chai ishachemka."

Jumatatu Selpher alisoma kurasa zote nne mbele ya kamati. Mwenyekiti akakusanya karatasi zake, akainuka. Garama akamzibia njia.

"Mheshimiwa, ulipotaka niandikwe muongo, ulikuwa unamficha nani?"