Pete ya Ngozi Mbele ya Ngoma ya Msasa

Mkono wa kulia wa kaka yangu umezikwa chini ya mgomba, nyuma ya nyumba ya marehemu baba yetu. Mwenyewe yu hai. Kila asubuhi anapita pale akienda kuwafungulia ng'ombe, wala hatazami chini...

Wasomaji wenzangu, mmewahi kumwona mtu akipita kando ya kaburi lake mwenyewe? Mimi namwona kila siku, nikiwa upande wangu wa mpaka, na siwezi hata kumwita!

Nina umri wa miaka thelathini na kidogo. Mimi ni Mmeru, kazi yangu useremala, na kusoma na kuandika nilifundishwa misheni. Kaka yangu anaitwa Ndewario. Ndiye aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo. Ndiye aliyenishika mkono siku ya kwanza nilipokwenda kuomba kazi katika karakana ya Mzungu mmoja, kule Tengeru, na yeye mwenyewe akaandikwa kazi siku hiyohiyo.

Baba alipofariki, alituachia kihamba kimoja, yaani shamba la migomba lililozunguka nyumba. Alikuwa ametuonyesha kwa kidole tu: wewe huku, wewe kule. Lakini kidole cha marehemu nani anaweza kukishuhudia? Tuligombana mimi na kaka juu ya upande wa juu. Masale, ile mimea tunayopanda mpakani, yaling'olewa mchana na kupandwa upya jioni. Ilifika siku tukashikiana mapanga...

Wazee wa ukoo waliingilia kati. Mbuzi akachinjwa juu ya mpaka wenyewe. Wakachana ngozi yake, wakatuvika kila mmoja pete ya ngozi mbichi kwenye kidole cha kati cha mkono wa kulia. Ndivyo kwetu ndugu wanavyopatanishwa. Pete ile haivuliwi. Haikatwi. Inakauka kidoleni, inachakaa, na siku ikianguka yenyewe inazikwa mpakani. Zikianguka zote mbili, ugomvi umekufa. Lakini ikikatwa na mkono wa mtu, aliyeikata ameufufua ugomvi na kujipunguzia haki mpakani, na wazee hawachinji mbuzi wa pili.

Yangu ilianguka mapema. Mimi ndiye niliyekuwa nikichemsha gundi pale karakanani, mikono ikishinda kwenye maji ya moto, na ngozi ikalainika ikakatika yenyewe mbele ya macho ya watu. Wazee wakaizika. Nikafurahi kama mtoto!

Ya kaka ikabaki. Kumbe furaha yangu ndiyo iliyokuwa mwanzo wa mkasa...

Sasa niwaeleze kuhusu ile ngoma, maana wengi wenu hamjaiona. Ni gogo la mviringo, nene kama pipa dogo, limevikwa karatasi ya msasa. Limelazwa ndani ya meza, mgongo wake tu ndio umechomoza juu. Gurudumu la maji huko nje linavuta mkanda, mkanda unaizungusha ngoma, nayo inazunguka ikikujia wewe uliyesimama. Ubao unausukuma kinyume chake, unapita juu ya mgongo ule, unatoka upande wa pili laini kama shavu la mtoto. Kazi ya siku nzima ya mkono inakwisha kabla jasho halijakutoka.

Lakini kati ya ngoma na ukingo wa meza pana mwanya. Chochote kinachoning'inia kikiingia mwanyani, hakitoki.

Fundi wetu mkuu alikuwa Fundi Salehe, mtu wa Pangani, mwenye maneno mengi na vidole vyote kumi. Kila asubuhi alisimama mbele yetu kama mwalimu wa madrasa.

"Haya mabwana! Shuka lenye pembe linaloning'inia, vua! Bangili, vua! Shanga, vua! Kibao kifupi kuliko mkono wako usikisukume kwa vidole, chukua kile kishikio. Usisimame nyuma ya ubao, simama ubavuni, usije ukarushiwa kifuani. Na ukitaka kubadili msasa, kwanza ngoma ilale. Umeona wapi mtu anamnyoa mwenziwe huku anakimbia?"

Tulicheka. Lakini alipofika kwa kaka hakucheka.

"Na hiyo pete, Ndewario?"

"Hii haivuliwi, fundi."

"Basi hutaiona hii ngoma karibu. Nenda kwenye randa. Siku ikianguka, njoo."

Ndivyo ilivyokuwa, na ilikuwa busara. Kaka akapiga randa, mwenye heshima yake na amani yake kidoleni. Mambo yangebaki hivyo...

Lakini karatasi ya msasa ikakaribia kuisha. Fundi Salehe akaondoka na gari la ng'ombe kwenda Moshi, ambako reli imefika, kuchukua shehena. Akamwachia kazi msimamizi, mtu mgeni kwetu, ambaye hakujua mbao wala hakujua watu. Alichojua ni kwamba milango ya nyumba mpya ya bwana ilikuwa inangojwa, na kwamba kiboko chake kilitundikwa mlangoni.

Mara moja akaona jambo la kumuudhi. Pembeni mwa ngoma palikuwa na mti mrefu wa kusukumia mkanda. Ukiuvuta, mkanda unahama na ngoma inasimama. Msimamizi akasema sisi tunauvuta kila tukitaka kupumzika. Akachukua kamba, akaufunga ule mti kwenye nguzo, fundo juu ya fundo!

Kesho yake mtu wa ngoma akaamka na homa. Msimamizi akatazama huku na huku, akamnyooshea kaka kidole.

"Wewe, mrefu. Baada ya chakula, ngoma."

Kaka angeweza kusema juu ya pete. Alisema. Msimamizi akacheka, akageuza uso kuelekea mlangoni, kilipotundikwa kiboko.

Wasomaji wangu, hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri. Nilimjua kaka yangu, na nilijua ile ngoma. Nilijua kinachokuja kama mtu anavyojua mvua kwa kuutazama mlima. Lakini ni nani katika dunia hii nzima ambaye hakuweza kumwambia Ndewario, "Vua hiyo pete"? Ni mimi! Mimi ambaye yangu ilishaanguka. Mimi ambaye ugomvi ukifufuka, huenda nikapata migomba zaidi!

Nilimsogelea hata hivyo. Nikasema kwa sauti ya chini:

"Shikamoo kaka. Leo tu... itoke. Nitakwenda mwenyewe kwa wazee, nitasema ni mimi niliyekuomba."

Akaifunika pete kwa kiganja cha kushoto.

"Yako imeanguka, mdogo wangu. Sasa unataka na yangu ikatwe?"

"Kaka, ni mkono wako..."

"Mkono ni wangu. Na upande wa juu wa kihamba ni wa nani? Wewe unataka nikate mwenyewe, halafu uende kwa wazee ukasema nimekata."

Kila neno nililolishika liligeuka mwiba. Nikakimbia mchana ule, saa ya chakula, kwa baba yetu mdogo, mzee wa ukoo, nikamkuta anakamua mbege, pombe yetu ya ndizi. Nikamsihi atoe ruhusa pete ivuliwe kwa heshima. Akafuta mikono taratibu.

"Mashine imekuja jana," akasema. "Pete ni ya babu zetu. Ipi imngoje mwenzake?"

Nikarudi mikono mitupu.

Na kaka naye alikuwa na hofu, ila hofu yake haikuwa ile yangu. Aliogopa msasa usije ukaisaga pete, kwa maana msasa umetengenezwa na watu, na kusagwa ni kukatwa. Nilimkuta ameketi juu ya mbao, ameshika uzi wa ganda la mgomba kwa meno. Ameizungushia pete ile uzi, akauvuta nyuma ya kiganja, akaufunga kwenye kifundo cha mkono, ili pete isisogee kuelekea kwenye msasa. Alifunga vizuri sana. Aliifunga kama mtu anavyomfunga mtoto mgongoni.

Mwisho wa uzi ule ulikuwa unaning'inia. Si mrefu. Kama ulimi wa mbuzi.

"Kaka, huo uzi..." nilisema.

"Umeanza tena!"

Wenzetu wakageuka. Mmoja akatania, "Mwacheni mdogo mtu, anahesabu migomba!" Wakacheka wote. Nikarudi kwenye gundi yangu... Ningefanya nini? Nimshike kaka yangu kwa nguvu mbele ya watu, mimi niliyewahi kumshikia panga?

Alipitisha milango mirefu, ikatoka salama. Nikaanza kupumua. Halafu zikaja zile mbao fupi za katikati ya mlango. Kishikio kilikuwa juu ya rafu, upande wa pili wa meza. Hakukifuata. Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni.

Sikusikia kelele kwanza. Nilisikia ngoma ikibadilisha sauti. Ilikuwa inaimba, ikaguna. Nikageuka, nikaona kibao kinaruka, na kaka ameinama juu ya meza kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka...

Nikaurukia ule mti. Umefungwa! Nikavuta fundo la kwanza, likaja. La pili halikuja. Kaka aliniita jina langu la utotoni, lile alilokuwa akiniitia mgongoni mwake. Kamba ilikuwa imelowa jasho, na maji huko nje yanaendelea kulisukuma gurudumu kama kwamba hakuna jambo! Mwisho nilichukua shoka, nikaukata mkanda wenyewe. Ngoma ikazunguka kidogo, ikalala.

Tulimpakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe hadi bomani Arusha. Njia nzima nilimshika mabega. Tulipopita Kijenge alifumbua macho, akanitazama mimi, si mwingine.

"Ulisema itoke," akasema. "Imetoka."

Hilo ndilo neno la mwisho kaka yangu kunipa hadi leo.

Daktari alifanya alichoweza kufanya. Mkono haukuwa wa kuokolewa, ulikatwa juu ya kifundo, na kwa kukatwa huko kaka akapona. Tukaomba tupewe ule uliokatwa, tukaufunga kwa majani ya mgomba, tukaurudisha nyumbani ukazikwe kwa baba.

Kabla ya kuuzika, wazee waliufungua kuitazama pete. Haikuwepo!

Wakatumwa watu karakanani. Msasa ukabanduliwa. Uzi wa mgomba ukapatikana, umejiviringisha kwenye ngoma. Pete haikuwemo ndani ya uzi. Tukachekecha vumbi la sakafu kwa ungo kama watu wanaopepeta ulezi. Hakuna.

Ndipo wazee wakatoa neno lao. Pete ikionekana nzima, duara lake halijakatika, basi ilichomoka kidoleni na kuanguka yenyewe, na amani imesimama. Ikionekana imekatika, basi imekatwa. Na ikiwa imekatwa, ni nani aliyekuwa akisema kutwa nzima mbele ya mashahidi kwamba itoke?

Si msimamizi aliyetajwa. Si kamba. Ni mimi.

Fundi Salehe aliporudi na shehena yake, alikaa juu ya gogo akalia kwa sauti, mtu mzima. Aliifungua ile kamba kwa mikono yake, akaichoma. Lakini mkono wa mtu hauoti kama mgomba.

Wasomaji wenzangu, nawasihi nyote mnaofanya kazi penye mashine. Usiende mbele yake na kitu chochote mkononi, hata kama amekuvika baba yako, hata kama ni kitu kitakatifu! Ikiwa hakivuliki, basi usiende, na mwenye kukuamuru akupige. Kovu la kiboko linapona. Na mti wa kuzuia mashine usifungwe kamwe, hata kwa uzi!

Na ninyi wazee, mkutane mapema muamue pete isubiri wapi mtu anapofanya kazi. Msingoje mpaka mkono uzikwe.

Na wewe unayegombana na nduguyo: onyo la kweli likitoka kinywani mwa mtu unayegombania naye mpaka, lisikie hivyohivyo. Na kama wewe ndiye mwenye onyo, mtafute mtu mwingine alipeleke kabla ya saa kufika. Mimi nilimkosa.

Nimekwenda mlangoni kwa kaka na jani la sale, ambalo kwetu ndilo la kuomba msamaha. Nililichomeka kwenye wigo wake. Akilipokea ndani, amenisamehe. Akilitupa, amekataa. Hajafanya lolote.

Juzi shemeji yangu, mke wa Ndewario, alinisimamisha kisimani. Alisema kwa haraka, huku akiangalia nyuma. Wanawake wetu huchukua vumbi la mbao karakanani kutandika kwenye zizi. Jioni ile ya mkasa, karakana ikiwa tupu, kabla hajapata habari yoyote, alikuwa amepita akajaza kapu lake chini ya ngoma. Amelimwaga zizini, chini ya ng'ombe wao. Hajamwambia mumewe. Anaogopa kuitafuta pete humo, kwa kuwa hajui ataikuta nzima au imekatika.

Mimi siwezi kuingia katika zizi lile mpaka kaka mwenyewe aniite.

Asubuhi ya leo nimetazama tena kwenye wigo. Jani limeanza kukauka. Bado liko palepale.